Nyota Changa Ugenini

Nyota nazo zina mahali pake pa kuzaliwa. Zile changa, zenye joto kali, huzaliwa kwa makundi katika sahani ya galaksi yetu, ndani ya mawingu mazito ya gesi na vumbi. Kilimia, ambacho wakulima wetu wamekitazama tangu kale ili wajue majira ya mvua, ni kundi mojawapo la namna hiyo. Nyota hizo hung'aa sana, lakini maisha yake ni mafupi, kwani huteketeza akiba yake upesi. Basi tunapoikuta moja peke yake, mbali na sahani, hatuna budi kuuliza: imefikaje huko?

Wataalamu wametoa majibu matatu. Mwaka 1961, Adriaan Blaauw wa Uholanzi alieleza kwamba nyota mbili zinazozungukana, moja ikilipuka, ya pili huponyoka kama jiwe litokalo katika kombeo. Mwaka 1967, Arcadio Poveda wa Meksiko na wenzake walionyesha kuwa nyota zilizosongamana huvutana hata moja ikatupwa nje ya kundi. Mwaka 1988, Jack Hills wa Marekani alisema kuwa shimo jeusi lililo katikati ya galaksi laweza kuwatenganisha pacha wa nyota na kumrusha mmoja kwa kasi kubwa zaidi.

Lakini jibu zuri halitoshi mpaka hesabu ikubali. Mwaka 2005 ilitangazwa habari ya nyota HE 0437-5439, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 200,000, nayo inakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa sekunde. Safari kutoka katikati ya galaksi ingechukua miaka milioni 100 hivi, hali umri wa nyota yenyewe haufiki nusu yake. Nani amepata kusafiri miaka mingi kuliko aliyoishi? Mwaka 2010 baadhi ya wataalamu walishikilia kuwa ilitoka huko huko katikati, ila ni nyota mbili zilizoungana njiani na kuonekana changa. Vipimo vya chombo cha Gaia, vilivyotolewa mwaka 2018, vikaelekeza kwingine: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu.

Kumbe hakuwa mwenyeji aliyepotea, bali mgeni kutoka nchi nyingine. Nasi tunasema: asili ya kitu haijulikani kwa mahali kilipokutwa, wala kwa dhana tuipendayo, bali kwa kuifuata njia yake na kuhesabu kila hatua.