Msuguano wa vitu vilivyounganishwa: Swali la fizikia linalowasumbua wanafunzi

Mwanafunzi wa sekondari mjini Bujumbura hujifunza fizikia kwa Kifaransa. Mwenzake wa Kampala au Kigali huisoma kwa Kiingereza. Lugha ni tofauti, lakini swali ni lile lile: vitu viwili vimefungwa kwa kamba moja, kimoja kiko juu ya meza na kingine kinaning'inia. Alama nyingi hupotea hapo, mara nyingi kwa sababu mtahiniwa huanza kukokotoa kabla ya kuelewa kinachotokea.

Aina mbili za msuguano

Msuguano tuli huzuia kitu kilichotulia kisianze kusogea. Msuguano wa mwendo hukipinga kitu ambacho tayari kinateleza, na kwa kawaida ni mdogo zaidi. Ndiyo maana kabati zito ni gumu kulianzisha kuliko kuendelea kulisukuma.

Mwaka 1699, Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kuwa msuguano hulingana na nguvu inayozikandamiza nyuso mbili, bila kujali ukubwa wa eneo zinapogusana. Charles-Augustin de Coulomb alichapisha uchunguzi wake mwaka 1785, akaonesha kuwa msuguano wa mwendo hauathiriwi sana na kasi. Hivyo, msuguano hupatikana kwa kuzidisha uwiano wa msuguano wa nyuso hizo kwa nguvu inayozikandamiza.

Mfano wa hesabu

Kipande cha mbao cha kilo 3 kimewekwa juu ya meza. Kamba nyepesi imepitishwa kwenye roda isiyo na msuguano na kufungwa jiwe la kilo 2 linaloning'inia. Uwiano wa msuguano tuli ni 0.6, na wa mwendo ni 0.5. Mchapuko wa mvuto wa dunia uchukuliwe kuwa 10.

Kwanza, je, vitasogea? Uzito wa jiwe ni nyutoni 20. Mbao inaikandamiza meza kwa nyutoni 30, hivyo msuguano tuli unaweza kuzuia hadi nyutoni 18 tu. Vitasogea.

Pili, mbao ikishaanza kuteleza, msuguano unashuka hadi 0.5 mara 30, yaani nyutoni 15. Ukitoa 15 katika 20, inabaki nyutoni 5.

Tatu, kwa kuwa kamba hainyumbuki, vitu vyote viwili huenda pamoja. Nyutoni 5 zinasukuma jumla ya kilo 5, hivyo mchapuko ni mita 1 kwa sekunde mraba.

Nne, mkazo wa kamba. Jiwe la kilo 2 linahitaji nyutoni 2 ili lipate mchapuko huo, kwa hiyo kamba inalishikilia kwa 20 kutoa 2, yaani nyutoni 18. Uhakiki hufanywa upande wa mbao: 18 kutoa 15 ni 3, sawa na kilo 3 mara mchapuko wa 1.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa mkazo wa kamba ni sawa na uzito wa jiwe. Hilo ni kweli jiwe likiwa limetulia au likienda kwa kasi isiyobadilika, si linapochapuka. Kosa la pili ni kugawanya nguvu iliyobaki kwa kilo 3 za mbao peke yake. La tatu hutokea kwenye mteremko, ambako nguvu inayoukandamiza uso huwa ndogo kuliko uzito wa kitu.

Kutoka mezani hadi barabarani

Lori na trela lake navyo ni vitu viwili vilivyounganishwa, ila kwa tofauti moja kubwa: kamba huvuta tu, lakini kiungo cha trela kinaweza pia kusukuma. Breki za trela zikishindwa kwenye mteremko, uzito wake huliegemea lori la mbele. Na magurudumu yakijifunga na kuanza kuteleza, dereva hubaki na msuguano wa mwendo, ulio mdogo, huku usukani ukipoteza nguvu. Mfumo wa breki usioruhusu magurudumu kujifunga ulibuniwa kuzuia hali hiyo.

Kwa mtahiniwa, kuchanganya misuguano hiyo miwili ni kupoteza alama. Kwa dereva aliye mteremkoni, gharama yake yaweza kuwa maisha.