Kiti cha Mtoto Mbele ya Gari

Wazazi wenzetu, wengi wetu humpakata mtoto mbele ya gari. Gari likigonga, mikono haiwezi kumzuia. Mahali pazuri ni kiti cha nyuma. Je, na kama ni pikapu ya viti vya mbele tu?

Kwanza, angalia mfuko wa hewa wa dashibodi. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe hapo kabla haujazimwa; ukifumuka unaweza kumuua. Kama hauzimiki, basi asipande hapo.

Pili, sukuma kiti cha gari nyuma kabisa.

Tatu, pitisha mshipi katika njia zake, uukaze, kisha tikisa: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5.

Tufanye hivyo hata tukienda hapo sokoni tu.