Upasuaji wa miamba bila maji

Upasuaji wa miamba bila maji ni jina la jumla la mbinu za kupasua mwamba ulio chini sana ya ardhi ili kutoa mafuta au gesi asilia, pasipo kutumia maji au kwa kutumia maji kidogo. Mbinu hizo ni mbadala wa upasuaji wa haidroliki, maarufu kama frakingi, unaohitaji maji mengi. Suala hili lina uzito katika nchi kavu ambako watu hutegemea maji ya visima, kama ilivyo Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania.

Kwa nini mwamba hupasuliwa

Katika machimbo ya kawaida, gesi hukaa katika vitundu vya mwamba wa mchanga vilivyounganika, hivyo hupanda yenyewe kisima kinapochimbwa. Ndivyo ilivyo Songo Songo mkoani Lindi, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974, na Mnazi Bay mkoani Mtwara, ilikogunduliwa mwaka 1982.

Mwamba-tope ni tofauti. Huo ni tope la kale lililogandamizwa hadi likawa jiwe. Gesi imo ndani yake, lakini vitundu vyake ni vidogo mno na gesi haina njia ya kutoka. Kwa hiyo maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa kisimani kwa shinikizo kubwa. Mwamba hupasuka, na mchanga hubaki ndani ya nyufa ili zisijifunge.

Nchini Marekani kisima kimoja hutumia takribani lita milioni 6 hadi milioni 60. Lita milioni 20 tu ni sawa na ndoo milioni moja za lita 20. Sehemu ya maji hayo hubaki chini, na yanayorudi juu huwa na chumvi na kemikali.

Njia mbadala

Jaribio la kwanza la upasuaji wa namna hii, lililofanyika Kansas, Marekani, mwaka 1947, halikutumia maji bali petroli iliyogeuzwa kuwa jeli. Baadaye maji yalishika nafasi kwa sababu ni ya bei nafuu na hayawaki moto. Mbinu nyingine ni hizi:

Jeli ya propani. Propani ni mojawapo ya gesi za mitungi ya kupikia. Hugeuzwa jeli, husukumwa chini, kisha hurudi juu pamoja na gesi ya kisima na inaweza kutumika tena. Hatari yake kubwa ni moto. Kampuni ya GasFrac ya Kanada ilianza kuitumia kibiashara mwaka 2008, lakini mwaka 2015 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Hewaukaa. Kabonidayoksaidi iliyogeuzwa kimiminika haivimbishi mfinyanzi ulio ndani ya mwamba kama maji yafanyavyo. Lakini ni nyepesi, hivyo haibebi mchanga vizuri, na huhitaji malori na matangi maalumu. Imejaribiwa Marekani na China.

Nitrojeni na povu. Nitrojeni hupatikana hewani. Inaweza kutumika peke yake au kuchanganywa na maji kidogo na dawa ya kutoa povu. Povu hubeba mchanga vizuri zaidi kuliko gesi tupu.

Milipuko. Mwaka 1865 Edward Roberts alianza kulipua baruti ndani ya visima vya mafuta huko Pennsylvania. Tarehe 10 Desemba 1967 serikali ya Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi huko New Mexico, katika mradi ulioitwa Gasbuggy. Gesi ilitoka, lakini ilikuwa na mionzi na haikufaa kuuzwa.

Dodoma na uwanda wa kati

Sehemu kubwa ya uwanda wa kati imekaa juu ya matale, yaani graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Matale hayatokani na tope, hivyo si mwamba wa kutafutia gesi ya mwamba-tope. Upande wa kaskazini-magharibi kuna bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa mikoa ya Singida, Tabora na Arusha miongoni mwa mingine. Huko Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likitafuta mafuta katika mashapo ya bonde la ufa.

Mvua ya Dodoma kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Tegemeo kuu la maji ya jiji ni visima vya Makutupora, vinavyovuta maji yaliyo katika nyufa za matale na katika tabaka lake lililomomonyoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulichunguza vipimo vya miaka 55 vya kina cha maji hayo. Ulionyesha kwamba mvua za kawaida huongeza maji kidogo sana. Akiba hujazwa hasa na misimu ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997–98, ambayo huja mara moja hadi tatu tu katika miaka kumi. Maji yakichotwa kwa wingi leo, huenda yasirudi kwa miaka kadhaa.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huyapa matumizi ya nyumbani kipaumbele cha kwanza.

Hoja zinazojadiliwa

Afrika Kusini ilikutana na suala hili katika Karoo, eneo kavu la wafugaji. Mwaka 2011 serikali ilisimamisha maombi ya leseni za gesi ya mwamba-tope, na mwaka 2012 ikaondoa zuio hilo. Hofu kuu ya wakazi ilikuwa maji.

Mbinu zisizotumia maji hupunguza hofu ya maji kwisha, lakini haziondoi hofu ya maji kuchafuka. Kila kisima cha gesi hupenya tabaka la maji kabla ya kufika chini. Bomba lake likizungushiwa saruji vibaya, gesi inaweza kuvuja na kuingia katika maji ya kunywa hata kama upasuaji haukutumia tone la maji. Kwa hiyo mradi wa aina hii katika nchi kavu hupimwa kwa maswali mawili: utatumia maji kiasi gani, na yatakayobaki yatalindwaje.