Chupa Zenye Majina ya Uongo

Wananchi wa Tarime na Serengeti hawana haja ya kufundishwa thamani ya chapa. Ng'ombe akikutwa zizini mwa mtu mwingine, chapa yake hutazamwa, na ubishi hupungua. Leo twapenda kusema habari ya mifugo isiyo na chapa, ifugwayo katika chupa za maabara: nazo ni seli za mwili wa binadamu.

Wataalamu huchukua seli za uvimbe wa mgonjwa, wakazilisha, nazo zikazaana mwaka hata mwaka. Uzao huo ni ukoo wa seli, na dawa nyingi hujaribiwa humo kabla ya kumfikia mgonjwa. Ukoo wa kwanza wa binadamu kustawi hivyo bila kikomo ni HeLa, uliotoka kwa Bibi Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951, wala hakuombwa ruhusa. Seli zake zina nguvu ya ajabu. Chache zikiingia katika chupa ya ukoo mwingine, huwashinda wenyeji na kuwamaliza, na kibandiko kikabaki na jina la kale. Mwaka 1966 Stanley Gartler alitangaza kwamba koo 18 alizopima, zilizodhaniwa kuwa za watu mbalimbali, zote zilikuwa na aina moja ya kimeng'enya iliyojulikana kwa watu wenye asili ya Afrika tu. Kumbe baadhi ya koo hizo zilisemekana kutoka kwa Wazungu! Wengi hawakufurahi kusikia hayo. Hata leo orodha ya kimataifa ya koo zenye majina ya uongo imepita 500.

Je, hayo yawahusu nini wakulima na wafugaji wa Mara? Yawahusu sana. Saratani ya taya ya watoto, aliyoieleza Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958, iko Mara pia. Kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa mwaka 1964 katika seli zilizofugwa London, zilizotoka katika uvimbe wa namna hiyo kutoka Uganda. Na katika wilaya ya zamani ya North Mara, ambayo leo ni Tarime na Rorya, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini tangu 1977 hadi 1982, ili ijulikane kama malaria ndiyo iifunguliayo saratani hiyo mlango. Jibu halikuwa wazi, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kabla ya dawa. Kazi nyingi ikabaki maabarani, katika koo kama Daudi, uliotokana na uvimbe wa kijana wa Kenya. Ikiwa chupa iliyoandikwa saratani ya taya ina seli za mtu mwingine mwenye ugonjwa mwingine, atakayelipa ni mtoto wa Tarime.

Upande wa Serengeti wajua shida ya namna hiyo kwa ugonjwa wa malale. Vijidudu viuguzavyo watu na ndugu zao wasiodhuru ila mifugo hufanana kabisa chini ya darubini. Mwaka 1958, nchini Kenya, ilibidi mtu aliyejitolea adungwe vijidudu vya pongo, naye akaugua, ndipo ikajulikana. Siku hizi kipimo cha jeni iitwayo SRA chatosha.

Kwa seli pia kipimo kipo: ni alama za DNA kama zile zitumiwazo na polisi kumtambua mhalifu. Twaona ni haki kudai kwamba kila maabara ipokeayo chupa, itoke ng'ambo au kwa jirani, iipime kabla ya kuanza kazi, na iandike matokeo na tarehe katika taarifa yake.