Kompyuta inasoma kifua, mstari anachora nani?

Mtu anavua shati, anabana kifua kwenye ubao, anaambiwa avute pumzi na kuishikilia. Picha inapigwa. Haipiti muda, programu ya kompyuta inairudisha picha ileile ikiwa na mabaka mekundu na ya njano juu ya pafu la kulia, na pembeni imeandikwa namba: 62. Hakuna daktari wa mionzi aliyeitazama. Sasa 62 ni kifua kikuu, yaani TB, au si TB?

Namba hiyo peke yake haitoshi kujibu. Haina maana kwamba mtu huyu ana uwezekano wa asilimia 62 wa kuugua. Ni alama kati ya 0 na 100 inayoonyesha picha yake inafanana kiasi gani na picha za wagonjwa ambazo programu ilifundishiwa. Kwa picha hiyohiyo, programu ya kampuni nyingine inaweza kutoa 40, na isiwepo iliyokosea.

Tangu mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani, WHO, limeruhusu programu za aina hii zitumike badala ya msomaji binadamu katika kuchuja watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Sababu si ngumu kuiona. Mwaka 2023 kifua kikuu kiliua watu wapatao milioni 1.25 duniani, na milioni 10.8 waliugua. Tafiti za kitaifa zinazopima watu majumbani kwao zimekuta kwamba karibu nusu ya wanaogunduliwa hawakuwa na kikohozi cha muda mrefu wala dalili nyingine ya kuwapeleka hospitali. Hao mara nyingi hukamatwa na picha, na wataalamu wa kusoma picha ni wachache, tena wengi wao wako mijini.

Mashine hujifunzaje? Mkazi wa Morogoro ana mfano karibu. Kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi. Panya akisimama kwenye sampuli inayojulikana kuwa na TB, anapewa chakula; akisimama kwingine, hapati kitu. Hakuna anayemweleza TB ni nini. Kompyuta nayo huona picha kama jedwali kubwa la namba, kutoka weusi hadi weupe, na huonyeshwa maelfu ya picha ambazo majibu yake yanajulikana. Kila ikikosea, vipimo vyake vya ndani vinarekebishwa kidogo, mpaka makosa yapungue. Na kama ilivyo kwa panya, inachokionyesha lazima maabara ikithibitishe.

Hatari iko hapohapo: mwanafunzi wa namna hii hushika chochote kinachompatia jibu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichunguza programu ya kutambua nimonia iliyofundishwa kwa picha za hospitali ya Mount Sinai ya New York pamoja na za taasisi ya taifa ya afya, NIH. Mount Sinai, asilimia 34 ya picha zilikuwa za wenye nimonia; NIH, asilimia 1 na kidogo. Ikabainika kwamba kompyuta ingeweza kutambua picha imetoka hospitali gani karibu bila kukosea kabisa, hata kwa vitu kama kile kibati kinachowekwa kuonyesha upande wa kulia na wa kushoto. Ukishajua hospitali, nusu ya jibu unayo, na pafu hujalitazama. Programu ilipopelekewa picha za hospitali ambayo haikuwahi kuiona, kwa sehemu kubwa ilifanya vibaya zaidi.

Mashambani ni hivyohivyo. Picha 2,756 za majani ya muhogo zilizopigwa kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo zilitumika kufundisha programu kutambua batobato, michirizi ya kahawia na mashambulizi ya utitiri. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalikuwa usahihi wa asilimia 93. Programu ya aina hiyo ilipotiwa kwenye simu na kujaribiwa shambani kwa majani 720, alama yake ilishuka kwa asilimia 32 hata kwa majani yenye dalili za wazi, kwa sababu iliyaruka mengi yaliyokuwa na ugonjwa. Shambani kuna jua, kivuli na mkono unaotikisika.

Kwa TB habari ni nzuri zaidi. Huko Dhaka, Bangladesh, programu tano zilipimwa kwa picha za watu 23,954, na zote ziliwashinda madaktari wa mionzi waliosoma picha hizohizo. Lakini zote pia zilifanya vibaya zaidi kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa waliowahi kuugua TB, kwani kovu la zamani kwenye pafu hulidanganya hata jicho la daktari.

Turudi kwenye ile 62. Ili namba igeuke uamuzi, lazima mtu achore mstari: aliye juu yake apimwe makohozi kwa GeneXpert, mashine ya maabara, aliye chini aende nyumbani. Tuseme wamejitokeza watu 1,000, na kumi wana TB bila kujua. Mstari umewekwa ili programu inase wagonjwa 9 kati ya 10 na kuwaondoa wazima 7 kati ya 10, kiwango ambacho WHO inakitaka kwa kipimo cha kuchuja. Watakaotumwa maabara ni 306: wagonjwa 9 na wazima 297. Katriji moja ya mashine hiyo ikiwa takriban dola 8, katriji za kuwapima wote zingegharimu dola 8,000. Sasa ni kama dola 2,450. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mfuko wa serikali yoyote. Na mgonjwa mmoja amerudi nyumbani.

Shusha mstari umpate huyo wa kumi, na foleni ya maabara inarefuka. Upandishe, pesa inabaki na wagonjwa wanapotea. Gerezani au machimboni, ambako TB imejaa, mstari wa shuleni haufai. Kompyuta haiwezi kuamua jambo hilo, na kwa maoni yangu mwenye kuiuza hapaswi kuachiwa alifanye kwa kuweka namba yake ya kiwandani. Ni kazi ya mpango wa taifa wa kifua kikuu, kwa kupima kwanza kwa watu wake wenyewe, kisha kuiandika namba hiyo mahali ambapo kila mhudumu anaiona.

Kwa mgonjwa, hesabu hiyo ina maana moja ya haraka. Ukiambiwa picha iko safi na bado unakohoa, unatoka jasho usiku au unapungua uzito, omba upimwe makohozi. Anayeishi na VVU ana sababu zaidi ya kudai hivyo: TB inaweza kuwa mwilini mwake na picha ya kifua ikaonekana karibu ya kawaida, kwa kompyuta na kwa daktari vilevile.