Ngome za Udongo za Wabukusu

Sisi watu wa pwani tukisikia neno ngome, mawazo hutupeleka Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu ambayo Mreno alianza kuijenga mwaka 1593, au Siyu, kisiwani Pate. Ngome kwetu ni jiwe na chokaa. Basi nilipofika Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, na kuulizia ngome za kale za Wabukusu, nilitazamia kuonyeshwa magofu. Mzee mmoja niliyemkuta akipalilia mahindi alicheka, akaniambia: "Mwanangu, ngome yetu ni udongo huu unaoukanyaga."

Wabukusu huiita olukoba, na zikiwa nyingi huitwa chingoba. Haikuwa nyumba ya tajiri mmoja wala kambi ya askari. Ilikuwa ni makao ya watu wa ukoo na jamaa zao, yaliyozungushiwa ukuta mnene wa udongo. Kwa nje palichimbwa handaki, na udongo uliotoka humo ndio uliopandisha ukuta. Kazi moja, faida mbili. Lango lilikuwa jembamba, na usiku likizibwa kwa magogo. Ndani mlikuwa na nyumba za mviringo, kuta za miti iliyokandikwa udongo na mapaa ya nyasi. Jua likichwa, ng'ombe waliingizwa ndani, kwani ng'ombe ndiye mahari, ndiye fidia, na ndiye aliyewaleta maadui.

Maadui hao walikuwa wengi: Wamaasai wa Uasin Gishu, Wateso kutoka magharibi, na majirani wa Mlima Elgon, ambao baadhi yao walijihifadhi mapangoni. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita upande huo mwaka 1883 na wapagazi wa Unguja, alivikuta vijiji vya Kabras, jirani na Wabukusu, navyo vikiwa na kuta za udongo.

Hapa, msomaji, pana neno linalotuhusu. Misafara ya pwani nayo ilifika huko kutafuta pembe za ndovu, na haikwenda na shanga na nguo tu. Ilikwenda na bunduki, na watu nao walichukuliwa utumwani. Ugomvi ukazuka, damu ikamwagika pande zote mbili. Kwa hiyo ukuta ule haukuwazuia Wamaasai peke yao. Ulituzuia na sisi.

Siku ya mwisho ya ngome hizo ilikuja mwaka 1895. Baada ya askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza kuuawa katika nchi ya Wabukusu, jeshi lilitumwa kulipiza kisasi, C. W. Hobley akiwa miongoni mwa viongozi wake. Humo walikuwamo Wasudani, wenzetu katika dini, pamoja na Waganda. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha ya Chetambe, juu ya kilima kinachoutazama mji wa Webuye. Ukuta uliowashinda wenye mikuki haukufua dafu mbele ya silaha za moto. Waliouawa humo hawakusahauliwa: mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka.

Baada ya hapo watu walitoka kuta zile wakatawanyika, kila mtu na shamba lake. Jiwe la matumbawe likiachwa hubaki gofu, nasi tukapata la kumwonyesha mgeni. Udongo ukiachwa hurudi kuwa shamba. Mvua huushusha ukuta, jembe husawazisha handaki, na mahindi huota juu yake. Kinachobaki ni maneno ya wazee, na wazee nao wanapungua. Ingefaa vijana wa huko wayaandike mapema, na kuonyesha kila mahali palipokuwa na olukoba.

Nilipokuwa nikimuaga, mzee aliuegemea mpini wa jembe lake akaniuliza: "Nanyi huko pwani, wazee wenu waliwahadithia nini juu ya safari zile za kuja kwetu?"

Nilifikiri kitambo. Kwetu nilisimuliwa juu ya pembe, nguo na majahazi. Juu ya lango lililozibwa kwa magogo sikusimuliwa kitu, nami nikamwambia hivyo hivyo.