Fahamu: Mpox au tetekuwanga?
Mwaka 2024, mpox ilipovuka kutoka Kongo hadi Burundi na Kenya, hata vipele vya kawaida vilianza kutiliwa shaka. Daktari huanza kwa macho na vidole. Vipele vya mpox huwa vigumu, vina kishimo katikati, hufika hadi viganjani na nyayoni, na mara nyingi tezi huvimba. Vya tetekuwanga hujaa zaidi kifuani na mgongoni, vingine vibichi, vingine vimeshakauka.

Lakini macho hudanganya, na Kongo wapo waliougua yote mawili kwa pamoja. Basi mhudumu husugua kipele kwa kijiti chenye pamba, au hubandua gamba lake, maabara ikatafute vinasaba vya kirusi kwa kipimo cha PCR. Damu, ambayo wengi wetu hudhani husema kila kitu, hapa haitegemewi: kirusi hukaa humo muda mfupi tu.